Mbegha Mwindaji na Semboja wa Mazinde

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kukitazama kitabu ambacho watu wa Usambara wamekisikia kwa jina kuliko walivyokisoma. Kitabu hicho ni Habari za Wakilindi, kilichotungwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, na kupigwa chapa na misheni ya UMCA huko Magila, sehemu baada ya sehemu, tangu mwaka 1895 hata mwaka 1907. Mwaka 1962 kilitolewa tena huko Nairobi, na mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya Bwana J. W. T. Allen. Basi si kitabu kilichopotea, ila kimekosa wasomaji.

Wengi wanaokishika hukiuliza neno moja tu: Je, mambo haya ni kweli? Swali hilo ni la haki. Mwana wa Kilindi ataka kujua ukoo wake ulivyoanza, na asiye Mkilindi ataka kujua babu zake walitawaliwa na nani, na kwa ridhaa yao au kwa nguvu. Lakini liko swali la pili, ambalo mwalimu huliuliza darasani anaposomesha hadithi ndefu au mchezo wa kuigiza: mtu huyu ataka nini, atoa nini, na wengine walipa nini kwa ajili yake? Swali hilo halilivunji lile la kwanza. Bwana Ebrahim Hussein alipotunga mchezo wake wa Kinjeketile, mwaka 1969, alimchukua mtu aliyeishi kweli, mtu wa vita vya Maji Maji, akamwonyesha amenaswa na neno lake mwenyewe, hata akashindwa kulirudisha watu walipokwisha kulipenda. Msomaji wa mchezo ule hamalizi kazi yake kwa kuhesabu tarehe za vita. Nasi twataka kukisoma kitabu cha Abdallah kwa jicho hilo hilo, kwa kuwa kimejaa maneno ya watu wanaojibizana, na mahali pengine mtu angeweza kukicheza jukwaani bila kukibadili sana.

Tuanze na Mbegha. Mwandishi amleta kwetu akiwa na kasoro tangu utotoni. Alizaliwa Ngulu, na meno yake ya juu yaliota kwanza; yaani alikuwa kigego, mtoto ambaye kwa desturi za zamani alihesabiwa kuwa balaa kwa jamaa zake na hakustahili kuishi. Aliachwa hai, lakini wakati wa kugawa urithi ulipofika, ndugu zake wakamnyima, wakiishika sababu hiyo. Kwa hiyo akawa mwindaji, mtu wa mbwa na mikuki, akiwaua nguruwe wa mwitu walioharibu mashamba ya watu. Mwandishi ni Mwislamu, na shujaa wake awinda nguruwe. Wala hakumbadilishia mnyama akamfanya awinde paa ili kuwaridhisha wasomaji wa pwani. Jambo hili ni dogo, lakini kwa hilo twaanza kumwamini.

Kisha yaja mambo ya Kilindi. Huko Mbegha apendwa, na mwana wa mkubwa wa mji awa rafiki yake wa kuchanjiana. Wakaenda kuwinda pamoja, na kijana yule akauawa na nguruwe. Mbegha hakurudi mjini kumkabili baba wa marehemu. Alikimbia na wenzake. Mwandishi dhaifu angalilificha jambo hili, au angalimtafutia shujaa wake udhuru mzuri. Abdallah aliacha kama lilivyo, nasi twaona ya kuwa mtu huyu, kabla hajawa mfalme wa mtu ye yote, ukarimu wake wa kwanza ulikwisha kuigharimu roho ya rafiki. Twaomba wanafunzi waikumbuke maiti hiyo wanapoendelea kusoma.

Mbegha apanda milima ya Usambara. Watu wauona moshi wa moto wake msituni, wamwendea, naye awapa nyama. Wao wampa chakula cha shambani. Mara nyingi jambo hilo larudiwa, na msomaji mwenye haraka aweza kuchoka. Asichoke, kwa sababu hapo ndipo moyo wa kitabu ulipo. Mwindaji ana nyama lakini hana unga. Wakulima wana chakula lakini nguruwe wawamalizia mazao. Kila mmoja ana kile ambacho mwenziwe amekikosa. Bwana Steven Feierman, mtaalamu wa historia kutoka Marekani, aliyekaa na wazee wa Washambaa na kutoa kitabu chake juu ya ufalme wao mwaka 1974, alionyesha ya kuwa hadithi ya Mbegha imejengwa juu ya majozi ya namna hiyo: nyama na chakula cha shamba, mwitu na mji, mgeni na mwenyeji. Watu wa Bumbuli wampa mke. Watu wa Vugha wamwita awe mkubwa wao, na akiwa njiani usiku amwua simba. Tangu hapo wafalme wa Vugha waliitwa Simba Mwene.

Tukae kidogo na jina hilo. Aliyemwua simba apewa jina la simba. Simba huilinda nchi yake na wageni wabaya. Na simba hula. Washambaa wana maneno mawili kwa habari hizi: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi na kuiponya, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mmoja aweza kufanya yote mawili, kwa mkono ule ule. Kwa maoni yetu jina la Simba Mwene si sifa tupu. Ni onyo, na kitabu chote kilichosalia ni maelezo ya onyo hilo.

Tutapita upesi juu ya Buge, mwana wa Mbegha kwa yule mke wa Bumbuli, na juu ya Shebughe aliyemfuata, ili tumfikie Kimweri ya Nyumbai. Huyu alitawala muda mrefu, na amri yake ilishuka milimani ikafika mpaka pwani. Krapf, mmisionari, alifika Vugha mwaka 1848 na tena mwaka 1852, na Burton na Speke walimwona mfalme mwaka 1857, akiwa mzee. Kimweri aliwaweka wanawe kuwa wakubwa wa sehemu za nchi. Maadamu yeye yu hai, mambo yalikuwa sawa, kwa maana mwana humtii baba. Lakini mrithi wake alikufa kabla yake, na Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kilimwangukia mjukuu, Shekulwavu.

Hapo ndipo pana fundo la mchezo. Wakubwa wa nchi walikuwa baba zake wadogo na wakubwa. Msomaji wa Kiafrika hahitaji kuelezwa ugumu wake. Mtoto atawaamuruje baba zake? Akiwaamuru, amevunja adabu. Asipowaamuru, si mfalme. Hakuna aliyetenda kosa, na bado kosa limekwisha kuingia nyumbani. Mwaka 1867, miaka mitano tu baada ya mazishi ya Kimweri, Edward Steere wa misheni ile ile ya UMCA alitoa huko Unguja kijitabu cha Hadithi za Kiingereza, na mojawapo ya hadithi zake nne ilikuwa ile ya Mfalme Lear wa Shakespeare, aliyewagawia binti zake nchi yake angali hai. Lear aliishi hata akaona matunda ya ugawaji wake. Kimweri hakuyaona, na kwa hiyo twamhurumia Lear, bali huruma yetu huku Usambara yamwendea mjukuu.

Sasa Semboja, mwana wa Kimweri, ambaye kwetu sisi ndiye mtu aliyechorwa vizuri kuliko wote. Makao yake yalikuwa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara ya Pangani. Alinunua bunduki na baruti. Karibu na mwaka 1868 alimfukuza Shekulwavu, na Vugha ikateketezwa. Lakini tazameni alilolifanya baada ya kushinda: hakupanda kukaa katika kiti cha baba yake. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, ambaye alikuwa mtoto, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Mbegha alitoka chini akapanda milimani na nyama mabegani. Semboja alishuka, na kutoka huko chini akawavuta watu wa milimani, maana bunduki zililipiwa kwa watu. Mateka wa vita, na raia pia, waliuzwa kwa wafanya biashara ya watumwa wakapelekwa pwani.

Tusimfanye shetani, hata hivyo. Adui mwenye sababu ni adui mzuri zaidi katika kitabu. Semboja aliona ya kuwa nguvu imehama, haiko tena katika dawa za mvua na ng'ombe za kodi, iko katika kasha la baruti. Na mkubwa asiye na bunduki angeliwa na mwenye bunduki. Aliona kweli. Hatuwezi kumlaumu kwa kuona. Twaweza kuuliza ni nani aliyelipa.

Na hapa yatupasa kumpima mwandishi naye. Abdallah bin Hemedi alimtumikia Semboja kwa kalamu, akakaa kwake na kula chakula chake. Kitabu kilianza kutoka mwaka 1895, mwaka ule ule aliofariki Semboja, Wadachi wakiwa wamekwisha kuishika nchi. Habari nyingi alizipata kwa watu wa nyumba za wakubwa. Kwa hiyo twasikia sana wafalme na wana wa wafalme wakisema, bali yule aliyefungwa kamba shingoni akateremshwa Pangani hasemi kitu. Mwanafunzi akisoma sehemu za vita, na awatafute watu hao wasio na majina, ahesabu mara ngapi watajwa kwa neno moja tu.

Shekulwavu alikimbilia mashariki, upande wa Bondei. Wabondei, walipoona nyumba ya Vugha imepasuka, hawakukaa kimya. Waliinuka juu ya Wakilindi wote waliowatawala, wakawaua wengine na kuwafukuza wengine. Huko Bondei ndiko Magila iliko, na ndiko kitabu cha Wakilindi kilikopigwa chapa, kwa Kiswahili, miaka isiyofika thelathini baadaye.