Kapu la Wengi: Ukubwa wa Mtaji katika Ushirika wa Kahawa Kilimanjaro

Swali linaloikabili mifuko ya mitaji ya ubia, yaani ile inayochangisha fedha za wengi na kununulia hisa za kampuni changa, ni iwapo mfuko unaotanuka huendelea kuzaa kwa kiwango kile kile, na katika miteremko ya Kilimanjaro swali hilo lilikwisha kujaribiwa kwa kahawa badala ya hisa. Mwaka 1925, kwa kuhimizwa na Charles Dundas, afisa wa serikali ya kikoloni, na chini ya uongozi wa Joseph Merinyo, wakulima wa Kichaga waliunda chama kilichojulikana kwa kifupi kama KNPA, ili wapulizie mibuni dawa na kuuza kwa pamoja mazao ya vihamba, ambavyo ni mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa.

KNPA kilikuwa chama kimoja cha mlima mzima, na hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wake, kwani kadiri wanachama walivyoongezeka ndivyo hesabu zilivyozidi kuwa mbali na macho yao, hata madeni yakakielemea na serikali ikaingilia kati. Mrithi wake, KNCU, iliyosajiliwa mwaka 1933 chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, ilijengwa kwa mfumo tofauti wa ngazi mbili: vyama vya msingi vilivyopokea na kupima kahawa karibu na kihamba, na chama kikuu cha Moshi kilichotafuta soko. Mkulima alipewa malipo ya awali alipopeleka kahawa, kisha akangoja malipo ya pili baada ya mauzo. Kungoja huko kulivumilika pale tu mwenye kahawa alipomjua karani aliyeipima. Mpangilio huo, ingawa ulibuniwa na wakoloni waliotaka udhibiti, ulitambua jambo ambalo wapangaji wa baadaye walilisahau, kwamba kukoboa, kusafirisha na kujadiliana bei huhitaji shehena kubwa, ilhali kupima ubora na uaminifu huhitaji ujirani.

Hata hivyo ukubwa wa kulazimishwa haukupendeza. Kanuni iliyowabana wakulima kuuza kupitia KNCU pekee, pamoja na kushuka kwa bei, ilizaa fujo za mwaka 1937, ambapo vyama vya msingi vyenyewe vilishambuliwa.

Jaribio lililopita yote kwa ukubwa lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, na biashara ya kahawa ikaishia mikononi mwa mamlaka moja ya taifa, ambayo gharama zake za uendeshaji zilitangulia kukatwa kabla mkulima hajaonja chochote. Ugonjwa huo haukosekani kwenye mifuko ya mitaji: ada ya usimamizi hutozwa kwa kipimo cha fedha zilizochangwa, hivyo msimamizi wa mfuko mnono hushiba hata faida isipopatikana, tena hulazimika kuzikwepa kampuni ndogo kwa kuwa haziwezi kuzimeza fedha alizonazo. KNCU ilirudishwa mwaka 1984, na mwaka huo ukabaki ndani ya jina lake la usajili.

Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, makato ya chama kikuu yalianza kulinganishwa na bei ya mlangoni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyama kadhaa vya msingi vilijitoa, vikajiunga katika kundi la G32 na kupeleka kahawa yao moja kwa moja kwenye mnada wa Moshi. Udogo nao una bei yake. Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro, iliyoanza Moshi mwaka 1996, iliwajua wakopaji wake vizuri lakini ililemewa na uhaba wa mtaji, hadi ikawa msingi wa Benki ya Ushirika ya taifa iliyozinduliwa Aprili 2025, ikiwa na makao makuu Dodoma.