Haramu Iliyopita Hapa Kwetu

Uliza vijana wa Voi haramu ni nini. Pombe, nguruwe, zinaa. Ukitaja miraa, hapo mtabishana hadi adhana ya alfajiri. Lakini kuna moja sisikii ikitajwa, na ilipita hapa hapa Taita.

Karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka Mombasa, ikavuka nyika ya Taru isiyo na maji, ikapita Taita na kupumzika kwenye msitu wa Taveta. Wengi walifuata pembe za ndovu. Wengine walirudi na watu.

Sasa skizeni. Kumteka mtu huru ukamuuza ni dhambi kubwa. Iko hadithi katika Bukhari: anayemuuza mtu huru akala pesa yake, Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Mtu huru hata rehani hawekwi. Halafu kumwacha mtumwa huru ni kafara, mfano ukivunja kiapo au ukiua bila kukusudia.

Kwa hivyo walijua, bana. Njia ya kukwepa ilikuwa neno: mtu wa bara aliitwa mshenzi, na mshenzi alihesabika kama mali. Njaa ikibana, watoto wa bara waliwekwa rehani kwa chakula. Deni lisipolipwa, rehani ikageuka utumwa.

Sultan Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu 1876, tena kwa kusukumwa na Waingereza. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria 1907. Neno mshenzi bado tunalitumia.