Kilomita 1,014 za Kuwinda Magendo

Kutoka mji wa Minehead hadi mdomo wa bandari ya Poole, kusini-magharibi mwa Uingereza, dereva asiye na haraka hahitaji zaidi ya saa tatu. Anayeifuata njia ya pwani kwa miguu atatembea kilomita 1,014. Atateremka kila hori na kupanda kila rasi, na miinuko yote ikijumlishwa atakuwa amepanda kimo cha Everest karibu mara nne.

Mtu anayetaka kufika mahali hachongi njia namna hii. Rasi ambayo ingekatwa shingoni kwa dakika tano, njia inaizunguka nusu saa nzima, ukingoni kabisa mwa jabali, upepo ukivuma usoni na mawimbi yakigonga chini. Walioikanyaga kwanza walikuwa askari, na kazi yao ilikuwa kuchungulia.

Katika karne ya 18, serikali ya London ilitoza ushuru mzito kwa vitu ambavyo watu walikuwa wamekwisha kuvizoea: brandi, tumbaku, lesi na hasa chai, ambayo ushuru wake ulipita asilimia 100. Ng'ambo ya mlango-bahari ni Ufaransa, na katikati kipo kisiwa cha Guernsey, kilichokuwa ghala la bidhaa za magendo. Mashua zikaanza kuingia usiku. Mvuvi alibeba, mkulima alificha, na kasisi alifumba macho na kunywa chake. Msomaji aliyekulia mpakani, Namanga au Sirari, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Njia za panya anazijua.

Karibu na mji wa Penzance, mkoani Cornwall, njia hupita juu ya hori liitwalo Prussia Cove. Jina hilo lilitokana na John Carter, mlanguzi ambaye utotoni, katika michezo ya watoto, alijiita Mfalme wa Prussia. Jina likamganda, kisha likaligandia na hori. Husimuliwa kwamba siku moja, Carter akiwa hayupo, maofisa waliikamata shehena yake ya chai wakaifungia katika ghala la forodha la Penzance. Aliporudi alisema amekwisha kuwaahidi wateja, na ahadi ni deni. Usiku akavunja ghala, akachukua chai yake na kuviacha vingine vyote. Kulipokucha, maofisa walipoona hakuna kingine kilichoguswa, walimjua mwizi papo hapo: ni Carter tu angekuwa mwaminifu kiasi hicho. Ndugu yake, Harry, nahodha wa magendo aliyepiga marufuku matusi chomboni mwake, baadaye aliokoka akawa mhubiri, na akaacha kumbukumbu za maisha yake kwa maandishi.

Mwaka 1784 Waziri Mkuu William Pitt aliushusha ushuru wa chai hadi asilimia 12.5, na faida ya chai ya magendo ikayeyuka kwa mpigo. Brandi iliendelea kuingia. Serikali ikaunda kikosi cha doria mwaka 1809, na mwaka 1822 ikaviunganisha vikosi vyake kuwa walinzi wa pwani. Askari hao walitembea usiku kucha wakiwa na kandili. Mashua inayojificha chini ya jabali haionekani kutoka barabarani, wala haionekani kutoka shambani. Ilibidi mtu asimame ukingoni na kuangalia chini, hori baada ya hori. Nyayo zao ndizo zilizochora mstari ambao leo watalii wanaufuata wakiwa na mikoba mgongoni.

Doria hizo zilikoma mwaka 1913, na sehemu nyingine za njia zikaanza kumezwa na vichaka. Sheria ya mwaka 1949 ya hifadhi za taifa ndiyo iliyofungua mlango wa njia ndefu za umma. Hata hivyo kazi ilikwenda pole pole: kipande cha Cornwall kilifunguliwa mwaka 1973, kusini mwa Devon na Dorset mwaka uliofuata, na Somerset pamoja na kaskazini mwa Devon mwaka 1978. Alama ya njia, inayoonekana kwenye kila nguzo, ni tunda la mti wa mwaloni.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kituo kimoja kina uzito wa pekee. Porthcurno ni ufuko mdogo wa mchanga mweupe, umebanwa na majabali pande mbili. Mwaka 1870 ndipo ulipoingia waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari kwenda Lisbon, Gibraltar, Malta, Aden na kuishia Bombay. Mwaka 1879 waya mwingine ukatoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini, na hivyo kisiwa cha karafuu kikaunganishwa na mtandao huohuo. Huku kwetu, jengo la telegrafu lililokuja kujengwa Shangani, Zanzibar, sasa ni hoteli. Kule, kituo kimekuwa makumbusho.

Lakini njia hii inapita pia juu ya makosa. Huko Hallsands, kusini mwa Devon, palikuwa na kijiji cha wavuvi kilichojengwa juu ya mwamba, na mbele yake ufuko mpana wa kokoto. Mwishoni mwa karne ya 19 kokoto hizo zilianza kuzolewa ili kupanua gati za jeshi la wanamaji karibu na Plymouth. Wahandisi walidhani bahari ingezirudisha. Haikuzirudisha. Ufuko ulishuka, mawimbi yakaanza kugonga misingi ya nyumba, wanakijiji wakalalamika hadi kibali kikafutwa mwaka 1902. Usiku wa tarehe 26 Januari 1917, tufani na maji ya bamvua vilikuja pamoja. Hakuna aliyekufa. Lakini kabla ya mwaka kwisha, nyumba moja tu ndiyo ilikuwa bado inakalika.

Elizabeth Prettejohn alibaki humo, na aliishi Hallsands hadi alipofariki mwaka 1964. Wapita njia wa leo hupita juu ya genge, na chini yao huona kuta chache zilizobaki, bila paa.