Matuta ya Amri na Miti ya Hiari

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani,

Kamati ya mkutano wetu imetangaza kwamba asubuhi ya siku ya pili tutapanda miti kando ya kijito kinachopita nyuma ya shule. Mhariri akaniomba niandike maneno machache ya kuwatia watu moyo. Nimekubali, lakini nimeona yafaa kwanza tukumbushane historia. Katika milima hii ya Uluguru si mara ya kwanza watu kuitwa kuiokoa ardhi. Waliwahi kuitwa kwa amri, na waliwahi kuitwa kwa hiari, na tofauti ya miito hiyo miwili inatuhusu sisi wenyewe kabla hatujashika majembe.

Mji wa Morogoro, mji kasoro bahari, haukuwa na haja ya kujengewa bustani kubwa ya kupumzikia. Bustani yake ni mlima. Nani kati yetu hakupanda Jumapili hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, au hakukaa juu ya mawe ya Rock Garden akisikiliza maji? Juu yetu kilisimama kilele cha Lupanga, mita 2,138, na Bondwa pamoja na minara yake, na mbali zaidi kusini Kimhandu, kinachopita mita 2,600. Katika misitu ile yuko ndege mmoja wa rangi ya kijani na manjano, mwenye kichwa cheusi, ambaye hajapatikana mahali pengine popote duniani. Wataalamu husafiri kutoka Ulaya na Marekani ili wamwone, na sisi tulipita chini yake tukigombania miwa.

Lakini mlima si mahali pa matembezi tu. Upande wa mashariki mvua hupita milimita 2,500 kwa mwaka, na maji yake huingia mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kubwa la Dar es Salaam. Maji ya upande wetu huingia Ngerengere na kujaza bwawa la Mindu. Tena maji hayo yana nguvu zake. Ngome ya Simbamwene, aliyoijenga Kisabengo karibu na mahali ulipo mji wa leo, ilimshangaza Stanley alipopita hapa mwaka 1871. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yamechukua sehemu ya ukuta pamoja na nyumba nyingi. Kwa hiyo anayekaa chini ya mlima huu hana budi kujua nani anautunza.

Hapo kale walioutunza walikuwa wenye koo. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ilikuwa mali ya ukoo, mkuu wake akiwa mndewa. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake pa tambiko, mara nyingi kichaka chenye miti mikubwa walipozikwa wazee. Hapo mtu hakukata kuni wala kulima. Wakati wa tambiko watu walikusanyika, wakafagia, wakapika, wakanywa pombe na kuwataja marehemu wao. Kazi ya kutunza na furaha ya kukutana vilikuwa kitu kimoja. Hapakuwa na mlinzi wala mshahara, na baadhi ya vichaka hivyo vimesimama hata leo.

Mwaka 1909 Wajerumani waliweka mipaka ya hifadhi za misitu juu ya milima. Mipaka ile ilisaidia, hilo tusilikane, maana bila hiyo huenda leo tusingekuwa na msitu wa kuzungumzia. Lakini tangu siku hiyo msitu wa juu ukawa wa Serikali, na mwananchi akaanza kuuona kama shamba la mtu mwingine.

Kisha ukaja wakati wa Mwingereza. Watu walikuwa wameongezeka, mashamba yalipanda hadi kwenye miteremko mikali, na udongo ulikuwa unashuka mitoni. Tatizo lilikuwa la kweli. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, wakakatazwa kuchoma moto mashamba, na asiyetii alipelekwa barazani kutozwa faini.

Jambo hili halikufaulu, na sababu zake zafaa kuelezwa vizuri, kwa maana wengine husema eti Waluguru walikuwa wavivu au wajinga. Kwanza, kuchimba tuta la ngazi kwenye mteremko ni kazi kubwa mno. Pili, ukichimba kwa kina unafukia udongo mweusi na kuutoa juu udongo mwekundu usio na rutuba, hivyo mahali pengi mahindi yalipungua badala ya kuongezeka. Tatu, wengi walilima katika ardhi ya ukoo mwingine na kulipa ngoto. Mwenye ardhi alihofu kwamba mpangaji akishachimba matuta ya kudumu atadai kuwa shamba ni lake, na mpangaji naye alihofu kutoa jasho lake kisha anyang'anywe. Wengine waliamini kwamba Wazungu wanatengenezewa mashamba. Mahali kama Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza na kumwagilia maji, matuta yalikuwa na faida, na huko yalipokelewa vizuri zaidi. Kwa hiyo hawakulikataa tuta kwa kuwa ni tuta. Walikataa kazi isiyowapa chakula na ambayo hawakuulizwa.

Mwezi Julai mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira. Polisi walipiga risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ule uliachwa. TANU, iliyokuwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu kuanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilipata wanachama wengi milimani. Na matuta yakaachwa yabomoke.

Sasa niseme habari yangu mwenyewe, ingawa hainiletei sifa. Katika miaka ya 1980, siku za wito wa "Misitu ni Mali", shule nzima tuliamriwa kupanda miche 400 ya mijohoro pembeni mwa uwanja. Majina yaliitwa, wageni walihutubia, na asiyefika aliahidiwa adhabu. Alasiri hiyo kulikuwa na mechi. Mimi nilichimba shimo la kina cha kiganja, nikachomeka mche wangu pamoja na kiriba chake cha plastiki bila kukipasua, nikafukia, nikakimbilia mpira. Sikuwa peke yangu. Tuliporudi kutoka likizo, uwanja ulikuwa na vijiti vikavu 400, na hakuna aliyeulizwa.

Mpishi wetu mmoja, mzee wa Kiluguru tuliyemwita Baba, alitucheka. Alituuliza ni nani aliyebaki na ile miti baada ya wageni kuondoka. Sita kati yetu tuliona haya tukamfuata hadi kwenye chemchemi tuliyokuwa tukichota maji ya kunywa wakati bomba linapokauka. Alituonyesha kuchomeka vipande vya mkuyu penye unyevu na kuvizungushia miba kwa ajili ya mbuzi. Vilikuwa 11. Kila jioni aliyekwenda kuchota alivikagua, kwa sababu maji yale tulikuwa tunayanywa sisi. Siku majani ya kwanza yalipotoka, Baba alituletea sufuria la ukoko wa wali, tukala palepale chemchemini tukiimba. Mwaka jana nilikwenda kuangalia. Minne ipo, na mmoja watu wawili hawawezi kuukumbatia. Uwanjani sikuona mjohoro hata mmoja.

Tokea siku hizo mlima wenyewe umepata hasara. Wataalamu waliolinganisha picha za angani wanaonyesha kwamba msitu wa asili wa Uluguru ulikuwa kilometa za mraba zipatazo 300 mwaka 1955, na kufikia mwaka 2000 zilibaki zipatazo 230. Uliokatwa zaidi ni ule wa chini, ulio karibu na watu. Mwaka 2008 hifadhi za Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki ziliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye hekta zaidi ya 24,000. Vijijini ziliundwa kamati za mazingira, na wajumbe wake hufyeka njia za kuzuia moto na kulinda mipaka bila mshahara. Hawa ndio wanaobeba mzigo, wala majina yao hayaandikwi penye vibao.

Tena limetokea jambo ambalo wazee wa Matombo wasingelitazamia. Kuanzia mwaka 2006 hivi, mashirika ya CARE na WWF yalianza mpango katika vijiji vya Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya Ruvu. Mkulima aliyekubali alichimba matuta na kupanda miti, na watumiaji wa maji walioko Dar es Salaam wakachangia kumlipa. Matuta katika milima ileile! Safari hii aliyetaka alijiandikisha, na asiyetaka aliendelea na shughuli zake. Mwaka 2009, Janet Maro, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine hapa Morogoro, na wenzake walianzisha Bustani ya Tushikamane, wakawafundisha wakulima kilimo kisichochosha ardhi. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2011 likazaliwa shirika la Kilimo Endelevu Tanzania. Mkulima huko huona shamba la mfano kwanza, kisha huamua.

Wenzetu wa Kenya nao wana funzo lao. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park mjini Nairobi, akatukanwa sana, lakini jengo halikujengwa. Mwaka 1999 yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa watu binafsi. Leo msitu ule, wenye hekta zaidi ya 1,000, hutembelewa na familia kila mwisho wa juma, na wananchi waliojiunga katika chama cha marafiki wa msitu wameshirikiana na Serikali kuutunza.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusijidanganye. Kujitolea kwetu sisi wa mjini ni kwepesi. Tunaacha kiti barazani kwa asubuhi moja. Mkulima wa Towero au Kibungo akiacha mita kumi kando ya kijito zisilimwe, ameacha gunia la mahindi. Ndiyo maana hatufai kupanda juu na kumhubiria. Mwaka 1955 hilo lilikwisha kujaribiwa na watu wenye elimu nyingi kuliko sisi. Tukitaka ajitolee, hatuna budi nasi tubebe sehemu ya gharama yake, iwe kwa miche ya matunda, iwe kwa kununua mazao yake, iwe kwa ankara ya maji.

Kwa hiyo ninalo pendekezo kwa kamati, nalo ni dogo. Miche 1,000 iliyotajwa katika ratiba ipunguzwe iwe 60, ya mikuyu na mikangazi, tena tuwaulize kwanza wenye mashamba ya jirani kama wanaitaka na wapi. Kila mche uwe na watu wawili, mmoja wa zamani na mmoja aliye shuleni sasa. Fedha zitakazobaki zilipe miba, ndoo na nauli ya atakayekuja kukagua. Kisha kila mwaka kwa miaka mitano tukutane palepale kijitoni na si hotelini. Tuhesabu iliyo hai, tupike wali, tucheze muziki wetu wa Morogoro Jazz, na aliyefiwa na mche wake atoe maelezo mbele ya wenzake.

Mimi nitafika saa moja asubuhi na jembe langu. Nawaomba watakaokuja waje na wembe au kisu kidogo, kwa ajili ya kupasulia viriba.