Kichocho na uchumi wa Mara
Kichocho huletwa na minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu. Kando ya Ziwa Viktoria kilichoenea zaidi ni kichocho cha tumbo. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayevua, kuchota maji, kufua au kuogelea. Mayai hurudi ziwani kwa kinyesi. Mwaloni, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, riziki na maambukizi vyote hutoka katika maji yale yale.

Hasara yake huja polepole. Mtoto hupungukiwa damu, hudumaa na kusinzia darasani. Ukubwani ini huweza kujaa makovu, na mtu wa kuvuta nyavu akawa wa kuuguzwa. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, aliwataja ujinga, maradhi na umaskini kuwa maadui wa taifa. Kichocho huwaleta wote watatu kwa pamoja.

Ushahidi unaotajwa zaidi kuhusu faida ya tiba umetoka Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia 1998, shule za msingi 75 zilipewa dawa za minyoo kwa awamu, pamoja na ya kichocho pale kilipokithiri. Mwaka 2004 wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walieleza kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo, na kwamba hata wasiomeza dawa walinufaika. Miaka 20 baadaye, waliotibiwa kwa muda mrefu zaidi walikuwa na kipato cha saa kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 13. Wapo watafiti waliopinga hesabu hizo, na hoja zao ni nzito. Lakini dawa ni ya bei ndogo mno hivi kwamba hata faida haba hurudisha gharama.

Tanzania hutoa kingatiba ya prazikwanteli shuleni. Dawa huua minyoo, haizuii maambukizi mapya, kwa hiyo maji safi ni sehemu ya tiba. Bomba la mjini, kwa kata kama Nyakato ya Manispaa ya Musoma, na mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama kwa vijijini, humpunguzia mama safari za ziwani. Lakini mvuvi hubaki majini, na mialo mingi ina uhaba wa vyoo.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kingatiba ianzie umri wa miaka 2 na kuwafikia watu wazima, palipo na maambukizi ya asilimia 10 au zaidi. Kwa Musoma na Bunda, maana yake ni kuwafuata wavuvi wa dagaa mwaloni asubuhi, mitumbwi ikirudi, badala ya kuwasubiri zahanati.