Gijs van Hall: Mwenye Benki katika Kiti cha Umeya

Mtu atokaye katika biashara na kuingia katika utawala huja na mazoea yake. Amezoea kupima faida na hasara, kutunza siri ya mteja, na kuamini kwamba jina jema lililojengwa kwa miaka mingi ni mtaji usiokwisha upesi. Mazoea hayo yaweza kumfaa mtawala, na yaweza kumponza. Maisha ya Gijs van Hall, mwenye benki wa Kiholanzi aliyekuwa meya wa Amsterdam tangu mwaka 1957 hata mwaka 1967, yanaonyesha yote mawili. Katika vita aliaminiwa na watu waliokuwa hawana hati yoyote mkononi ya kumdai. Katika amani, akiwa na sheria, askari na muhuri wa mji, aliwakosa watu wa kumwamini.

Alizaliwa Amsterdam tarehe 21 Aprili 1904, katika ukoo uliokuwa umezoea fedha na serikali pia. Floris Adriaan van Hall, wa ukoo huohuo, alikuwa Waziri wa Fedha katika karne ya kumi na tisa, wakati Uholanzi ilipokaribia kufilisika. Mwaka 1844 waziri huyo aliwapa matajiri hiari ya namna yake: ama waikopeshe serikali kwa riba ndogo ya asilimia 3, ama watozwe kodi juu ya mali zao. Matajiri walikopesha, na nchi ikaokoka. Gijs na ndugu yake mdogo Walraven, aliyekuwa baharia kabla ya kushika kazi ya benki, walikulia katika nyumba ambamo mambo ya mikopo na dhamana yalikuwa mazungumzo ya kawaida. Hakuna aliyeweza kudhani kwamba elimu hiyo ya kitajiri ingekuja kuwa silaha.

Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliivamia Uholanzi, na serikali yake ikakimbilia London. Mabaharia wengi wa Kiholanzi walikuwa mbali baharini, na meli zao zikabaki upande wa maadui wa Ujerumani. Wake na watoto wao nyumbani wakakatiwa posho. Mfuko wa siri uliofanywa kuzisaidia familia hizo ndio uliomwingiza Walraven katika kazi ya kuupinga uvamizi, na Gijs akashirikiana naye. Kadiri vita vilivyoendelea wahitaji walizidi: Wayahudi waliofichwa katika nyumba za watu, vijana waliokataa kupelekwa kufanya kazi Ujerumani, wachapaji wa magazeti ya siri, na familia za waliokamatwa. Mkono mtupu haulambwi, wasema Waswahili. Wala mtu aliyejificha darini hawezi kuishi kwa maneno matupu ya uzalendo. Anahitaji mkate, na mwenye nyumba anayemficha anahitaji kodi.

Hapo ndipo kazi ya mwenye benki ilipoonekana. Ndugu hao wawili hawakuomba sadaka, walikopa. Waliwaendea matajiri na makampuni, wakapokea fedha kwa ahadi kwamba serikali iliyoko London ingezilipa baada ya ushindi, nayo serikali hiyo ilikubali kutoa dhamana. Stakabadhi ya kweli isingeweza kuandikwa, maana karatasi moja tu ingetosha kumpeleka mtu kwenye ukuta wa kupigiwa risasi. Basi mkopeshaji alipewa hisa au hati ya zamani isiyokuwa na thamani yoyote sokoni, iwe alama ya deni lake. Karatasi ile haikuwa kitu. Kilichokuwa na thamani ni jina la yule aliyeitoa. Jina jema, kama ilivyonenwa, hung'aa gizani.

Mwezi wa Septemba 1944 serikali ya London iliwaagiza wafanyakazi wa reli wagome ili kuyazuia majeshi ya Ujerumani. Watu wapata 30,000 waliacha kazi, na wengi wao wakajificha. Watu hao na jamaa zao walipaswa kulishwa katika majira ya baridi ambayo baadaye yalikuja kuitwa ya njaa. Mikopo ya kawaida haikutosha. Ndipo ndugu wale walipotekeleza hila yao kubwa. Walitengeneza hati za bandia za ahadi za Hazina, na kwa msaada wa mtunza fedha mkuu wa Benki ya Uholanzi hati hizo ziliwekwa ndani ya chumba cha hazina mahali pa hati za kweli. Zile za kweli zikatolewa, zikageuzwa kuwa fedha taslimu. Kwa njia hiyo zilipatikana gilda milioni 50 hivi, ilhali rais wa benki hiyo, Rost van Tonningen, alikuwa mfuasi mkubwa wa chama cha Wanazi wa Kiholanzi. Mfuko wa siri ulitumia zaidi ya gilda milioni 80 katika muda wa vita.

Gharama haikuwa ya fedha tu. Walraven alikamatwa Amsterdam mwezi wa Januari 1945, akapigwa risasi mjini Haarlem tarehe 12 Februari, siku mbili baada ya kutimiza miaka 39. Miezi mitatu baadaye nchi ilikuwa huru. Gijs alibaki hai, na serikali ikawalipa wakopeshaji. Hesabu ya fedha ikafungwa. Hesabu ya ndugu haifungwi.

Baada ya vita Gijs van Hall alijiunga na Chama cha Kazi, jambo lisilokuwa la kawaida kwa mtu wa tabaka lake. Mwaka 1956 aliingia katika Baraza la Juu la Bunge, na mwaka uliofuata akawa meya wa Amsterdam. Hapana budi msomaji akumbuke kwamba meya wa Kiholanzi hachaguliwi kwa kura za wenyeji. Huteuliwa na Taji, naye ndiye mwenye dhamana ya polisi na utulivu wa mji. Van Hall alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Katika siku zake kazi iliendelea ya kujenga njia ya magari inayopita chini ya maji ya IJ, ambayo ilifunguliwa mwaka 1968, na mwaka 1966 ulianza ujenzi wa mtaa mpya wa Bijlmermeer ili kupunguza shida ya nyumba. Hayo ni mambo ambayo mwenye benki anayafahamu: fedha, muda, na subira.

Lakini mji ulikuwa umejaa vijana ambao vita kwao vilikuwa hadithi za wazee. Mwaka 1965 kikatokea kikundi kilichoitwa Provo. Vijana hao walikusanyika usiku wa Jumamosi kwenye sanamu ya mtoto katika uwanja wa Spui, wakaidhihaki tamaa ya kununua na kuvuta sigara. Walitaka mji uwe na baiskeli nyeupe zisizo na mwenyewe, ambazo kila mtu angezitumia na kuziacha. Polisi walizichukua baiskeli hizo kwa kuwa hazikuwa na kufuli, na sheria ilitaka kufuli. Msichana aliyewagawia wapita njia zabibu kavu alikamatwa. Kila virungu vilipoinuliwa, watazamaji waliongezeka.

Tarehe 10 Machi 1966 binti mfalme Beatrix aliolewa mjini humo na Claus von Amsberg, Mjerumani aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la Hitler katika ujana wake. Katika mji ambao Wayahudi wake wengi mno walipelekwa kuuawa, jambo hilo liliwachoma wengi. Mabomu ya moshi yalirushwa njiani mwa msafara, na ulimwengu ukaona. Tarehe 13 Juni wafanyakazi wa ujenzi waliandamana kwa sababu ya makato ya fedha zao za likizo, na mmoja wao akafa katika ghasia. Ilidhihirika kuwa moyo wake ulisimama, lakini wenziwe waliamini kwamba polisi wamemwua. Gazeti la De Telegraaf lilipoandika kwamba aliuawa na wenziwe wenyewe, waliliendea siku ya pili yake na kulishambulia jengo lake. Mkuu wa polisi aliondolewa mwaka huohuo. Tume iliyoundwa na serikali ilitoa lawama kwa uongozi wa mji, na mwaka 1967 serikali ya Waziri Mkuu Piet de Jong ilimtaka meya aondoke. Hakukubali kwa hiari. Basi akaondolewa, na tarehe 1 Julai umeya wake ukakoma.

Je, alidhulumiwa? Wako waliosema hivyo, nao wana hoja. Meya mmoja hakuumba chuki ya ndoa ile, wala hakuandika habari ya gazeti, wala hakuwa nyuma ya kila kirungu. Serikali ilihitaji mtu wa kubeba kosa, na yeye alikuwa karibu. Hata hivyo cheo ni dhamana, na mwenye dhamana huulizwa hata kwa deni alilolifanya mwingine. Kosa lake mwenyewe lilikuwa zito kuliko amri moja mbaya. Yeye aliyeghushi hati za Hazina alijua kuliko wengi kwamba sheria yaweza kutumikia dhuluma. Lakini alipoukalia upande wa sheria hakuweza kuona kwamba kijana aliyesimama Spui aliamini jambo hilohilo, ingawa kwa sababu nyepesi zaidi. Aliona ukorofi tu.

Tena kulikuwa na tofauti baina ya kazi zake mbili. Mfuko wa vita ulihitaji siri: mtu mmoja ajue, wengine waamini. Mji ulio huru wataka kinyume chake: mambo yasemwe, na mkubwa aulizwe. Waliomwamini mwaka 1944 walimjua yeye na ukoo wake. Kijana wa mwaka 1966 hakuwa na hesabu katika benki ile. Sifa ya vita haikuwa fedha inayopokelewa mkononi mwake. Jina jema hurithiwa, lakini imani ya watu haina urithi. Kila kizazi huidai upya, na mtawala asiyeilipa hufilisika hata kama hazina ya mji imejaa.

Gijs van Hall alifariki tarehe 22 Mei 1977. Mwaka 2010 kumbukumbu ya Walraven ilisimamishwa katika uwanja wa Frederiksplein, mkabala na Benki ya Uholanzi: mti wa shaba ulioanguka. Ndugu aliyekufa kabla ya kutawala alibaki na sifa yake nzima. Aliyeishi akatawala alikabiliwa na mtihani ambao mwenziwe hakuufikia, na kwa hiyo hukumu juu yake yapasa kupimwa kwa mizani ya vitabu vyote viwili: kile cha siri ambacho hakikuandikwa, na kile cha wazi ambacho kila mtu alikisoma.