Jua ni la Bure, Keja Ndiyo Inalificha

Wasee, huku Ntimaru jua linawaka mwaka mzima, ikweta iko hapo tu karibu. Lakini mtoto wa huku akihamia Nairobi, kwenye ploti zilizobanana, anaweza kupata matege: mifupa inakosa kukaza, miguu inapinda. Inawezekanaje Kenya hii yenye jua?

Historia ina jibu. Mwaka 1650, daktari Mwingereza Francis Glisson aliandika kitabu kizima kuhusu matege. Mwaka 1822, Mpolandi Jędrzej Śniadecki akaona watoto wa mjini wanaugua kuliko wa mashambani, akashauri watolewe juani. Ikabidi kungoja hadi 1919, ndipo Kurt Huldschinsky wa Berlin akawaponya watoto kwa taa ya miale kama ya jua. Mwaka 1922 Elmer McCollum, kule Marekani, akaipata ndani ya mafuta ya ini la samaki, akaiita vitamini D kwa sababu A, B na C zilikuwa zimeshachukuliwa. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 270!

Mwili unafanyaje? Miale ya jua ikigusa ngozi, aina fulani ya mafuta hapo inageuka vitamini D. Inaenda kwenye ini, halafu kwenye figo, na huko ndiko inapata nguvu ya kufanya kazi. Sasa utumbo unaweza kufyonza kalisi ya maziwa na omena, ikajenga mifupa. Bila hiyo, kalisi nyingi inapita tu.

Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi juani, ni kweli. Lakini si kasoro. Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje. Wastani ulikuwa 115, na kiwango kinachohesabiwa kutosha ni 50. Ngozi ni ile ile yetu.

Kwa hivyo shida ni kuta. Mtoto anayefungiwa kwa keja mchana kutwa anaishi kama yule wa Ulaya ya Śniadecki. Hata jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii, kioo kinazuia ile miale.

Ukitafuta nyumba, uliza jua linaingia wapi na mtoi atacheza wapi, kama unavyouliza maji na stima. Ukiona miguu inapinda, enda hospitali. Usimlishe vidonge ovyo, vikizidi vinadhuru. Mjini tunalipia kila kitu, jua tusilikose na ni la bure.